Nimeifunga Hoteli ya Ndege Wako

Baba Wambui,

Sikuulizi u hali gani, maana najua utanijibu vile ulivyokuwa ukimjibu kila mtu, "Niko tu," halafu unyamaze. Mimi pia niko. Goti bado linauma mvua ikikaribia, paa la jikoni linavuja palepale uliposema utapaziba, na Wambui hunipigia simu kila Jumapili kuniuliza kama nimekula. Nimekula. Lakini leo sikuandikii habari za kula kwangu. Nakuandikia kabla hujasikia kwa watu, kwa sababu najua unavyochukia kuletewa habari za boma lako na majirani. Nimeifunga ile hoteli yako. Nimewafukuza ndege wako wote, na Makanga pia. Huyo nimemfukuza mimi mwenyewe, nikipiga makofi na kupaza sauti hadi watu wa ploti ya nyuma wakachungulia.

Najua uso uliofanya sasa hivi. Ngoja kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, jambo ambalo ukiwa hai lilikushinda.

Unakumbuka ule mluzi ulianza vipi? Wambui alikuwa mchanga, na usingizi wake ulikuwa wa kuazima, hata kijiko kikianguka anaamka. Wewe ulikuwa unatoka Molo na lori la viazi, unaingia hapa mtaani kwetu Section 58 jioni ukiwa umejaa udongo mweusi hadi kwenye kope, halafu unapiga honi getini kama mtu anayeita mkutano wa chifu. Siku moja nilitoka na mwiko mkononi. Nikakuambia, "Ukipiga hiyo honi tena, leo utalala na hizo viazi zako." Ulicheka tu. Kesho yake sikusikia honi, nilisikia mluzi. Sauti mbili fupi za chini, halafu moja ndefu inayopanda na kubaki huko juu, kama swali ambalo halijajibiwa. Tangu siku hiyo hukubisha wala kupiga honi. Ulipiga mluzi, nami nikaacha chochote nilichokuwa nikifanya nikaja kutoa komeo. Kuna siku nilikufungulia nikiwa nimenuna, kuna siku nilikufungulia bila hata kukutazama, lakini nilikufungulia. Mwili wangu ulizoea kuinuka kabla kichwa hakijajua.

Kisha mgongo ukakushinda, ukaacha lori, ukakaa nyumbani. Ngai! Kumbe mwanamume akikaa nyumbani ni kazi ya mtu mwingine! Ulinipangia sufuria upya. Ulinionyesha namna ya kukata sukuma, mimi niliyekukatia sukuma tangu tuoane. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, Mungu, mpe huyu mzee kitu cha kufanya. Mungu naye, kwa ucheshi wake, akakuletea ndege.

Ulichukua mfuniko wa pipa la mafuta, ukaugonga kingo zikasimama, ukaupigilia juu ya nguzo chini ya mti wa avokado. Hapo chini ukaweka lile karai langu lililotoboka, ukaliziba kwa lami, ukalijaza maji. Ukoko wa ugali, chenga za mahindi kutoka posho mill, ndizi iliyolala sana, vyote vikawa vinaenda huko. "Karibuni hotelini," ulikuwa ukiwaambia, kwa sauti ileile ya wale waliokukaribisha miaka yote kule Salgaa ukisimamisha lori upate chai na chapati. Na wateja wako uliwapa vyeo. Njiwa walikuwa madiwani, kwa vile wanavyotembea wametanguliza kifua na hawana haraka ya kufanya kazi. Shomoro walikuwa watoto wa shule. Wale wa rangi ya buluu inayometa, wenye kelele na ugomvi, ukawaita askari wa kaunti. Nilikuwa nacheka nikiwa ndani ili usinione.

Halafu kulikuwa na yule mmoja wa kukaa peke yake kwenye ua. Kifua rangi ya chungwa, kichwa cheusi, na mstari mweupe juu ya jicho. Hakupenda kusukumana na wengine. Alingoja wapungue, ndipo aje kuokota makombo yaliyoanguka na kunywa maji. Na alikuwa mwizi wa sauti. Aliiba mlio wa bawaba ya geti letu, akaiba kilio cha kifaranga, akaiba hata ile sauti ya pikipiki ya muuza maziwa ikikataa kuwaka. Ukasema, "Huyu ni makanga kabisa. Hebu sikia anavyoita abiria." Jina likamshika.

Ukaanza kumfundisha. Kila jioni ulikaa kwenye kile kiti chako cha mbao, kikombe cha chai mkononi, unampigia ule mluzi wa getini, naye ameinamisha kichwa upande mmoja anakusikiliza. Nikakuchokoza, "Baba Wambui, mimi umeacha kunipigia mluzi, sasa unapigia ndege?" Ukanijibu bila hata kugeuka, "Wewe ulishajua. Huyu ndiye anajifunza." Na alijifunza, shetani huyo. Unakumbuka ile siku nilikuwa nafua nikasikia mluzi, nikaenda getini na povu mpaka kwenye viwiko, nikafungua nikakuta barabara tupu? Nilipogeuka, wewe ulikuwa umekaa chini ya avokado unacheka hadi machozi. Nilikurushia soksi iliyolowa. Ilikupata shingoni, na chai ikakumwagikia suruali. Hatukuwa tumecheka hivyo kwa muda mrefu.

Asubuhi uliyoanguka ulikuwa umetoka kuwapa chakula. Ulikuwa umevuruga ugali wa jana kwa mkono wako, ukaupakaza kwenye mfuniko, ukarudi mpaka mlangoni, ukashika fremu ya mlango, ukasema, "Mama Wambui, hebu." Hukumaliza. Hata leo sijui ulitaka kuniambia nini. Nimejaribu kukumalizia hiyo sentensi kwa kila namna, na hakuna inayokaa.

Sasa sikia jambo ambalo hukuliona. Wajua wamama wa kanisa letu. Msiba ukiingia nyumbani kwa mtu, wanaingia na leso, sabuni na brashi, na kabla hata hawajamaliza kusema pole, wamekwisha kukunja mikono. Ni upendo, sikatai, na mimi mwenyewe nimewaoshea wengi. Mimi nilikuwa mochari. Niliporudi, nyumba nzima ilinukia sabuni. Walikuwa wamefua mashuka. Walikuwa wamefua foronya yako. Lile koti lililonuka dizeli na udongo wa Molo lilikuwa kwenye kamba, linadondosha maji. Kikombe chako chenye ile duara ya chai ambayo haikuwahi kutoka, walikisugua kwa jivu hadi kikawa cheupe. Nilishika mto nikaunusa. Hakukuwa na mtu ndani yake. Niliwaambia, "Asanteni sana, Mungu awabariki." Haki ya nani, nilitaka kumpiga mtu.

Kitu kimoja tu hawakukifikia, ule mfuniko wa pipa. Nani angefikiria kuosha sahani ya ndege? Nilienda nikakuta ugali umekauka, na juu yake mifereji ya vidole vyako, vinne, wazi kabisa. Nikaapa hapo hapo kwamba hii haitaoshwa na mtu yeyote. Mvua ikija nilikuwa nakimbia kuifunika kwa kipande cha mabati. Chakula kipya nilikiweka kandokando. Walikula, wakabakiza, wakachafua, nami nikaongeza kingine, na sikukwangua hata kidogo. Kila wiki ule ukoko ulikuwa mnene zaidi.

Tulikuzika Molo, kwenye shamba la baba yako, kwa baridi ile inayoingia hadi kwenye jino. Mahema yakarudishwa, sufuria kubwa za kanisa zikarudishwa, watu wakarudi makwao. Nami nikarudi hapa. Jioni moja nilikuwa namenya viazi jikoni, nikasikia mluzi. Mbili za chini, moja inayopanda.

Sikufikiri. Nilikwenda na kisu mkononi na ganda la kiazi limening'inia, nikatoa komeo, nikafungua geti lote, pande zote mbili, vile nilivyokuwa nikifungua kwa ajili ya lori. Barabara ilikuwa na mtoto mmoja anayefyonza barafu. Alinitazama, akatazama kisu, akaenda. Nikasimama pale nikitazama upande ule ulikokuwa ukitokea. Kisha nyuma yangu, kutoka kwenye ua, ukapigwa tena.

Sitakudanganya. Nilijua ni ndege. Nilijua, na papo hapo sikujua. Kila jioni mwili uliinuka, na kila jioni miguu ilifika karibu na geti kabla sijaikaripia. Niliacha kwenda maombi ya jioni. Niliacha kwenda sokoni mchana, nisije nikachelewa. Wambui alipotaka nihamie kwake, nilimwambia kwenye simu, "Nikihama, nani atamfungulia baba yako?" Kisha akaniuliza kama nimekula.

Habari zikaenea, si unawajua watu. Ati kwa Mama Wambui kuna kitu. Wamama wa maombi wakaja jioni moja na Biblia zao, tukafumba macho, mmoja wao akaanza kukemea kila roho isiyo ya Bwana itoke ndani ya boma hili. Alikuwa amepandisha sauti kabisa aliposikia mluzi dirishani. Maombi yakakatika. Mmoja alikumbatia mkoba wake. Mimi nilikuwa nimeshasimama. "Kaeni tu," nikawaambia, "ni mzee." Ungeona walivyonitazama, Baba Wambui. Hawakunywa hata chai.

Ndipo ugonjwa ukaja.

Kwanza ilikuwa njiwa mmoja, diwani mnene. Nilimkuta chini ya nguzo amejifutua manyoya, macho yamefumba nusu, anameza na kumeza na hakuna kinachoshuka. Mdomo ulikuwa umelowa na kunuka. Mimi nilifanya vile tunavyowafanyia kuku hapa kwetu sote. Nilitwanga shubiri na pilipili, nikamimina kwenye karai. Wakanywa wagonjwa, wakanywa wazima. Wiki hiyo wakawa wengi, njiwa na hata shomoro, wamejikunja chini ya avokado kama watu wanaongoja daktari asiyekuja. Nikaongeza shubiri. Nikaongeza chakula, nikisema wapate nguvu. Waliokufa niliwashika bawa kwa mkono mtupu nikawatupa kwenye taka nyuma ya nyumba. Na kila nilipoinama kuokota mmoja, nilikuwa nachungulia kwanza kama kifua chake ni cha rangi ya chungwa.

Jirani yetu Mama Chebet, unamkumbuka na kuku wake wanaopita kwenye tundu la ua kuja kudonoa kwetu. Alikuja akasimama mikono kiunoni.

"Mama Wambui, mimi na wewe ni majirani wazuri, si ndio?"

"Ndio."

"Basi niambie, hii hospitali ya ndege ulifungua lini? Kwa sababu kuku yangu mmoja amekuja kulazwa."

Nilitaka kumjibu vibaya. Alikuwa amekuja na daktari wa mifugo, msichana mdogo mwenye gambuti miguuni, yule anayewachanja kuku wake. "Habari yako, shosho," akaniamkia vizuri, kama anayemwamkia bibi yake. Akavaa glavu, akamshika njiwa mmoja, akamfungua mdomo, akaniita nitazame. Kooni kulikuwa na utando wa manjano, umejaa hadi hakuna njia.

"Shosho, huyu anakufa njaa na chakula iko mbele yake," akasema. "Anaokota, inakataa kushuka, anatema. Mwenzake anakuja anaokota ile ametema. Na maji ni hivyo hivyo, wanaachiana mate ndani." Akainua macho akautazama mfuniko. "Hii sahani huoshwa lini?"

Nikainama kuokota unyoya uliokuwa chini.

"Shosho?"

"Haioshwi," nikasema. "Ni ya mzee."

Daktari akamtazama Mama Chebet. Mama Chebet akatazama viatu vyake.

Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliniambia pole pole, kama anayemwambia mtoto. Ondoa chakula chote na maji yote, wiki kadhaa, mpaka usione mgonjwa tena. Kwangua hii sahani, ioshe na sabuni, halafu jiki, ile dawa ya kutoa madoa, na maji, isuuze vizuri, iache ikauke kabisa kwa jua. Karai pia. Usitumie brashi ya vyombo vyako. Waliokufa usiwashike hivyo, vaa glavu, uwazike shimo refu, mbwa wasifukue. Na kuku wa Mama Chebet wafungiwe kwao. "Na hao wazima wakikuja, wafukuze. Wakiendelea kukusanyika hapa watamalizana. Wakitawanyika, kila mmoja ajitafutie, watapona wengi."

"Na shubiri?" nikauliza.

"Shubiri, shosho, paka nywele."

Mama Chebet alicheka, na mimi karibu nicheke. Kisha nikauliza swali langu. "Na yule anayepiga mluzi?"

Daktari hakuelewa. Mama Chebet, yule ambaye kila jioni hunipigia kelele juu ya ua, "Mzee wako amefika, mfungulie!", safari hii alieleza kwa sauti ya chini. "Ni ndege ya mzee wake. Inaita vile alikuwa anaita."

Yule msichana aligeuka kulitazama karai. "Anakunywa hapa?"

"Kila jioni."

"Siwezi kukwambia atashikwa ama hatashikwa, shosho. Lakini anakunywa maji hayo hayo."

Walipoondoka nilikaa kwenye kiti chako nikakugombeza. Nilikugombeza sana. Nilikuambia wewe ndiwe uliyewaita hawa ndege, mimi nilikuwa na kuku wangu wawili na amani yangu. Nilikuambia umeniachia sauti yako ndani ya kiumbe ninayeweza kumuua kwa chakula. Kama nitamlisha, atakunywa ugonjwa na nitamwokota chini ya mti. Nisipomlisha, ataenda zake, nami nitabaki na nini? Foronya inayonukia sabuni? Nikakuambia, sema sasa, si ulikuwa na jibu la kila kitu.

Na kweli ukanijibu, na lile jibu lako la zamani la barabarani. Unaikumbuka ile hoteli uliyoipenda, ambayo siku moja ulifika ukakuta watu wa afya wameipiga kufuli kwa sababu wateja walikuwa wanaharisha na kutapika? Mwenyewe alikuwa nje analia. Ulikuja nyumbani na njaa, nikakuuliza kama hukumwonea huruma. Ukasema, "Namhurumia. Lakini afadhali nilale njaa kuliko nilale mochari." Ndivyo ulivyosema, ukiwa umejaza ugali mdomoni. Nikakasirika upya, kwa sababu hata ukiwa chini ya udongo bado unataka kushinda ubishi.

Asubuhi yake nikavaa glavu. Nilizika waliokufa kule nyuma, shimo refu kama alivyosema. Nikamwaga maji mbali, nikateremsha mfuniko, nikauweka kwenye jiwe, nikachukua kisu cha zamani. Nilianza kukwangua kutoka ukingoni, upande ulio mbali na vidole vyako. Ule ukoko ulikuwa mgumu, wenye tabaka juu ya tabaka, manyoya, mbegu, uchafu. Nilikuwa nimepanga vidole vyako viwe vya mwisho. Nilisema nitavitazama kwanza, nitaweka mkono wangu juu yake, ndipo nivikwangue.

Nilipofika, havikuwepo. Nilikwangua polepole, tabaka kwa tabaka, nikivitafuta. Walikuwa wameshavidonoa zamani, pengine wiki ile ile tuliyokuzika. Miezi yote hiyo nilikuwa nakimbia na mabati kwenye mvua, nalinda kinyesi cha ndege, Baba Wambui. Nilikaa chini kwenye nyasi na zile glavu na nikacheka, kicheko ambacho sikukipenda nilipokisikia. Kisha nikamaliza kukwangua. Nikaosha kwa sabuni, nikaosha kwa jiki, nikasuuza, nikaanika. Jua lilipoupiga ulikuwa mfuniko wa pipa tu, wenye kutu kidogo upande mmoja.

Kuwafukuza ndiko kulikoniua. Ndege hawajui kusoma tangazo. Walikuja asubuhi kama kawaida, wakajipanga kwenye matawi wakaitazama nguzo tupu, kisha wakanitazama mimi. Nikachukua ufagio. Askari wa kaunti walinitukana kwa lugha yao na wakaenda kwanza. Shomoro wakafuata. Njiwa walikawia, wale madiwani, hawakuamini kwamba posho imekatwa. Mgonjwa mmoja alishindwa kuruka na nikamzika kesho yake. Lakini chini ya mti kukaanza kuwa na nafasi.

Makanga alikuja jioni, saa yake. Akatua juu ya nguzo, akatazama pale palipokuwa na karai. Akapiga mluzi.

Mimi nilikuwa nimekaa, nimeshika kiti pande zote mbili kama mtu aliye kwa daktari wa meno. Akapiga tena, na ile ya mwisho ikapanda na kubaki juu. Moyo ulikuwa umeshafika getini. Nikapiga makofi. Akaruka kidogo tu, akatua kwenye ua, akainamisha kichwa upande mmoja. Alinifikiria kuwa nacheza naye. Nikatupa bonge la udongo, nikahakikisha halimpati. Kesho yake akarudi. Keshokutwa akarudi. Kila jioni alikuja akauliza swali lake, na kila jioni nilimjibu kwa makofi, halafu nikaingia ndani, nikaweka redio sauti ya juu.

Jioni ya mwisho hakutua kwenye nguzo. Alitua juu ya geti, juu kabisa ya komeo, mahali ulipokuwa ukisimama upande wa pili. Akanitazama. Akapiga ule mluzi, safi, bila kosa, hata ile pumzi ndogo uliyokuwa ukivuta kabla ya sauti ya tatu alikuwa nayo. Nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja. Nikainua mikono yote miwili nikakimbilia geti nikipiga kelele, "Enda! Enda zako, hapa hakuna kitu tena! Nimesema enda, Baba Wambui!"

Nikasikia nilichosema.

Na yeye akaenda. Aliruka juu ya mabati ya majirani, upande wa ziwa, na sikumwona akitua. Mama Chebet alikuwa anaanua nguo upande wake wa ua. Alikuwa amesikia kila neno. Yule mwanamke ambaye hakuna jambo asilolitania, aliendelea kukunja shuka lake, akalikunja vizuri, akaingia ndani akafunga mlango polepole.

Sijamsikia tena. Daktari amepita, amesema kuku wa Mama Chebet wamepona na chini ya avokado hakuna mgonjwa tena. Anasema nikitaka nitaweza kufungua tena, chakula kidogo kinachoisha siku hiyo hiyo, maji mapya kila asubuhi, na kuosha, kuosha, kuosha. Pengine nitafungua. Wateja wako wengine wanapita bado, wanachungulia. Makanga nasema yuko hai mahali, kwa sababu nilimtazama mdomo kila jioni na ulikuwa mkavu, na alikuwa na nguvu ya kuruka mbali. Nataka awe hai. Hata kama anampigia mtu mwingine mluzi, nataka awe hai.

Lakini wacha nikuambie ya jana. Jana jioni nilikuwa nakata sukuma. Nilikata shada zima nikamaliza, nikaweka sufuria, nikakaanga kitunguu, na giza likaingia, na ndipo nikagundua kwamba sikuinuka hata mara moja. Miguu ilikuwa imekaa tu. Nikazima jiko. Nikalia, Baba Wambui, nikalia kwa sauti kubwa hadi koo likakwaruza. Kule Molo watu walinisifu ati nilijikaza. Sikujikaza. Sikulia kwa sababu nilijua utarudi jioni.

Umekufa. Nimeliandika hilo neno na mkono wangu haukukataa.

Wambui nimemwambia nitaenda kukaa kwake mwezi mzima, ili na yeye apate kulia, maana kumbe naye alikuwa hajapata mtu wa kulia naye. Lala vizuri huko kwa baridi yenu. Siku yangu ikifika nitakuja. Usiningoje, na mimi sikungoji tena.

Mjane wako,
Mama Wambui